Nguzo Nne za Mkwe

Mwaka ziwa lilipopanda, likizo ya baba iliangukia katikati ya mvua, na bado tukaenda Homa Bay. Baba alikuwa seremala kwenye mgodi wa Macalder. Alipewa siku kumi na nne kila mwaka, na mahali pa kuzitumia hapakuwahi kujadiliwa: zote zilikuwa za nyanya, mama mzazi wa mama, aliyeishi ufuoni mwendo mfupi kutoka mjini. Sisi watoto wa mgodini, tuliozoea vumbi la mawe na king'ora cha asubuhi, tulijiona matajiri. Nani mwingine darasani kwangu alikuwa na nyanya mwenye ziwa?

Nilikuwa na miaka kumi, mdogo wangu wa kike sita. Mama ni Mjaluo wa ufuo huo. Baba ni Mkuria, mtu wa ng'ombe na milima, ambaye hadi mwaka huo hakuwa amekanyaga chombo cha majini hata kimoja na alikula samaki kama anayepekua mchanga, akitafuta miiba. Nyumbani tulizungumza Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha pekee ambayo hakuna kati yao aliyemshinda mwenzake.

Tuliteremka mjini asubuhi, na kabla mizigo haijashushwa yote nilikuwa nimeona kwamba mji si ule wa mwaka uliopita. Gati lilikuwa limezama, na abiria wa meli ya Kisumu walipita juu ya mbao zilizotandazwa kwenye mapipa. Mchanga tuliokuwa tukishindana mbio juu yake haukuwapo. Mkuyu ambao wanawake walikuwa wakianika omena, dagaa wa ziwa, chini yake ulisimama peke yake ndani ya maji, yakiufikia kimo cha kiuno. Huku juu, kwa upande mwingine, kulikuwa na mabati mapya kila nilipogeuka: nyumba za makarani, duka la vitambaa, hoteli ya chai. Mji ulikuwa unapanda mlima kimyakimya, na kila mwenye duka alidai alikuwa amepanga kuhama tangu zamani.

Baba alipanga chumba nyuma ya duka la mfanyabiashara Mwislamu kutoka pwani. Hilo lilikuwa la kila mwaka, kwa sababu mkwe halali nyumbani kwa mama mkwe wake. Mama na sisi tulilala kwa nyanya. Kila asubuhi baba alikuja, akaketi kwenye kigoda nje, karibu na ua wa minyaa, na nyanya akaketi mlangoni kwake akitazama upande mwingine. Hawakusalimiana kwa mkono na hawakusemezana. Aliyezungumza ni mimi, nikisimama katikati yao, nikitoa Kijaluo hapa na kukiweka Kiswahili pale, ingawa umbali wenyewe ulikuwa mdogo kiasi kwamba kila mmoja alisikia kikohozi cha mwenzake.

"Mwambie baba yako nimefurahi kumwona," nyanya alisema siku ya kwanza, "ila amekonda. Huko mgodini wanakula mawe?"

Nikasema. Baba hakucheka.

"Mwambie nyanyako kwamba kutoka majini hadi mlango wake ni hatua kumi na saba. Nimehesabu. Mwaka jana zilikuwa zaidi ya mia."

"Mwambie baba yako mimi nilianza kuhesabu maji haya kabla mama yake hajaota meno."

Hilo la meno sikulifikisha. Nilisema tu kwamba nyanya analijua ziwa.

Nyumba ya nyanya ilikuwa ya udongo na nyasi, na udongo ukinywa maji hausimami. Kila mtu alijua hivyo, nyanya kuliko wote. Uwanja mzuri wa kujenga upya ulikuwapo juu kidogo ya boma, palipokuwa na zizi la ng'ombe enzi za babu. Lakini babu alikuwa amefariki, na mjane hajijengei. Nguzo ya kwanza ni lazima ikatwe na kusimikwa na mtoto wake wa kiume wa kwanza. Huyo alikuwa mjomba wetu, fundi wa reli Kisumu. Mama alikuwa amemwandikia barua mbili. Jibu halikuja. Kwa hiyo shughuli yetu ya likizo ikawa ni kwenda gatini kila siku ya meli, mara mbili kwa wiki, tukipanga mstari na wauza samaki wa ngege, tukitazama miguu ya kila aliyevuka zile mbao. Tulikwenda Jumanne. Tukaenda Ijumaa. Mjomba hakushuka.

"Anajua," nyanya alimwambia mama tuliporudi bila mtu. "Ana kazi nyingi tu."

Baba, kwa upande wake, alikuwa na vigingi. Kila asubuhi kabla ya kuketi alichomeka kimoja mahali maji yalipofika, ili tuone mwendo wake. Siku ya nne sikuona hata kimoja. Nilidhani vyote vimemezwa, nikaogopa, nikakimbilia jikoni kumwambia nyanya. Nikavikuta chini ya chungu cha uji, vikiwaka vizuri.

"Nyanya, hivyo ni vya baba!"

"Vilikuwa vya baba yako. Kuni kavu zinapatikana wapi mvua hii?"

Lakini alipokuwa akikoroga uji niliona jinsi alivyotazama nje, mara moja, haraka. Aliogopa. Alichokataa ni kuhesabiwa hofu yake na mkwe.

Jumapili nyanya, mama na sisi tulikwenda kanisani. Mahubiri yalikuwa marefu, na baadaye kulikuwa na mgonjwa wa kutembelewa, hivyo tulirudi alasiri. Juu, palipokuwa na zizi, zilisimama nguzo nne. Zilikuwa zimechongwa safi, zimenyooka kabisa, udongo umeshindiliwa chini yake kwa ustadi wa mtu anayejua kazi. Baba alikuwa ameegemea ua wa minyaa, shati limelowa jasho, akisubiri tufurahi.

Nyanya alisimama. Kitabu chake cha nyimbo kikamponyoka kikaanguka matopeni, naye hakukiokota. Jirani wa kike aliyekuwa nyuma yetu ndiye aliyesema kwanza.

"Yule amejiozesha kwa mama mkwe wake!"

"Nyamaza wewe," nyanya akamwambia. Kisha, bila kugeuka, "Nyathina, muulize baba yako ni nani aliyemwita."

Nyathina, mwanangu, aliniita hivyo alipokuwa hana utani.

"Hakuna," baba alisema. "Maji yamebakiza hatua sita. Nimeona nisaidie."

Mama ndiye aliyemweleza, kwa sauti ya chini. Mwanamume anayemsimikia mjane nguzo ya kwanza ni mume wake au mwanawe. Mkwe akifanya hivyo ni kama amejitangaza mwenye boma, na nyumba ya namna hiyo huleta chira, ile hali ya watu wa nyumba moja kudhoofika na kufa bila ugonjwa wenye jina. Kwao Kuria baba alijua kumwepuka mama mkwe, na alilishika jambo hilo kwa uaminifu. La nguzo hakuna aliyewahi kumwambia, kwa kuwa hakuna aliyefikiri mtu anaweza kulikosea.

"Nitazing'oa sasa hivi," baba alisema.

"Asiziguse!" Nyanya alikwisha kusikia kabla sijatafsiri. "Ameziweka, zikae. Atazing'oa mwenye haki. Na hapo pangu pa kujenga ndipo pamekwisha kuharibika. Mwambie baba yako nitalala palepale nilipolala."

Sijui kama nimewahi kumwona baba akiwa mdogo namna ile, yeye aliyekuwa mrefu kuliko watu wote wa mgodini niliowajua. Alikwenda akaketi kwenye kigoda chake. Mama alimfuata, na nilisikia akimwambia, "Mwaka mzima unapima mbao mara tatu kabla ya kukata. Leo hukuuliza hata mara moja."

Baba aliniita.

"Meli inakwenda Kisumu lini?"

"Jumanne, baba."

"Mwambie nyanyako nitamfuata mwanawe."

Nyanya alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Mtu wa ng'ombe? Atafia kwenye ngazi."

Hilo nililifikisha kama lilivyo. Baba akasema, "Mwambie nikifa, nguzo nitakuwa nimezilipia."

Jumanne tulimsindikiza. Alivuka zile mbao akiwa ameshika mkono wa mwanamke mmoja mwenye kikapu cha samaki, mgeni kabisa kwake, na alipofika sitahani akaketi chini kabisa, mgongo ukiwa umebanwa ukutani, macho yamefumbwa. Mdogo wangu alimpungia mkono. Hakuona.

Siku tatu hizo ndizo ndefu zaidi ninazozikumbuka za likizo yoyote. Nilichomeka vigingi mwenyewe, na nyanya hakuvichoma. Hatua tano. Nne. Alhamisi ufa ulitokea kwenye ukuta wa upande wa ziwa, mpana wa kupitisha kidole. Mama alihamishia nguo na nafaka kwa jirani. Nyanya alimwacha atoe kila kitu isipokuwa kitanda na mafiga matatu.

Ijumaa mchana meli iliingia. Wa kwanza kuvuka mbao alikuwa mjomba, mfupi, mwenye mkoba wa bati, akimvuta baba kama mtu anayevuta ndama sokoni. Uso wa baba ulikuwa na rangi ya majivu.

"Shemeji yangu ametapika kutoka Kisumu mpaka hapa," mjomba alimtangazia mama. "Samaki wa ziwa hili wameshiba mwaka mzima!"

"Na wewe ulikuwa wapi?" mama akamwuliza. "Barua mbili!"

Mjomba akakuna kichwa. "Dada, sema kweli. Mama hajaandika kila masika kwamba ziwa linakuja? Mwaka juzi nilikuja mbio nikakuta anataka tu nimle kuku. Nilidhani ni yaleyale. Lakini huyu alipotokea kwenye karakana yetu anapepesuka, nikajiambia: ikiwa Mkuria amepanda meli, basi maji yako mlangoni. Nikaomba ruhusa saa hiyohiyo."

Jumamosi alfajiri mjomba alizing'oa nguzo zote nne, akafukia mashimo, akasogea hatua kumi upande wa juu. Hapo alisimika yake, aliyoikata kwa shoka lake, na baada ya hiyo majirani wakaingia kazini, kwa kuwa nyumba ya namna hiyo hujengwa na kuezekwa siku moja. Wanawake walikanyaga udongo. Wanaume walifunga fito. Baba aliketi nje ya ua, mikono imelala magotini, akiwatazama watu wakipinda misumari.

Karibu na adhuhuri nyanya alinivuta kando. "Mlango nani anautengeneza?"

"Mjomba."

"Mjomba wako ni fundi wa chuma. Mwambie baba yako nataka fundi wa mbao. Simwiti mkwe. Nguzo ya mwenyewe imekwisha kusimama, fundi yeyote anaweza kuja."

Baba aliinuka kabla sijamaliza.

Nguzo zake nne zilibaki chini, na mjomba aliuliza azipeleke wapi. Nyanya alifikiri. "Banda la kuku," alisema. "Kuku hawana mwiko." Zilisimama hapo kwa miaka mingi, banda zuri kuliko yote ufuoni, na watu walikuwa wakija kulitazama.

Jioni nyanya alibeba mafiga yake matatu mwenyewe, moja moja, akipanda nayo. Jumatatu, siku yetu ya kuondoka, ukuta wa zamani uliingia majini saa ya chai, polepole, bila kelele kubwa. Nyanya aliutazama akiwa mlangoni pake papya, kikombe mkononi. Kisha akaufungua na kuufunga mlango, akaufungua tena.

"Nyathina," alisema, "mwambie fundi mlango wake unakwaruza chini."

Nikamwambia. Baba alitua mizigo, akatoa randa yake.