Ndoo ya Klorini na Mguu wa Seremala

Dobi mkuu wa hospitali ile alikuwa na mazoea ambayo hakuna aliyemwagiza. Kila asubuhi, saa mbili kasorobo, mashuka ya wodi ya upasuaji yakiisha kuloweshwa, alijaza klorini iliyobaki katika ndoo ya bluu, akatoka nayo kwa mlango wa nyuma na kuimwaga yote katika shimo la maji machafu, lile ambalo mfuniko wake ulivunjika kona moja na kuachwa hivyo. Alifanya hivyo kwa miaka ishirini na tisa. Wauguzi walimwita Bi Klorini, mwanzo kwa kificho, kisha usoni pake, naye akalivaa jina hilo kama nishani.

"Ukimkumbatia yule," walisema, "unatakata mpaka dhambi."

Kwa hiyo kidonda cha mdogo wake kilimuuma mara mbili: kama dada, na kama mtu aliyekula kiapo cha kuupiga vita uchafu. Mdogo wake huyo alikuwa seremala. Wazazi walipofariki alikuwa na miaka sita, naye dada ndiye aliyemlea. Sasa, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa amekanyaga msumari katika karakana yake mwenyewe, na mwezi wa nne ulimkuta amelala katika wodi ile ile ambayo mashuka yake dada aliyafua.

Daktari wa upasuaji alimwita barazani.

"Mama, kabati la dawa tumelimaliza. Kila antibiotiki tuliyompa, bakteria hawa wameizoea kama wewe ulivyozoea sabuni. Sumu ikipanda tutampoteza. Itabidi nikate chini ya goti."

 Bi Klorini akashika ukuta.

"Lini?"

"Nampa binti wa maabara wiki mbili. Kuna kitu anakitafuta. Zikipita hizo, sisubiri tena."

Kitu gani, hakuuliza. Alirudi kwenye mapipa yake akafua kama mwenye kisasi, na asubuhi zilizofuata ndoo ya bluu ilijazwa mpaka ukingoni.

Kuhusu siku aliyokwenda maabara, masimulizi yanatofautiana: yeye anashikilia kuwa ilikuwa ya tisa, daftari la maabara linaonyesha ya kumi. Linaloafikiwa ni kwamba alikwenda na aproni yake yenye maji, akasimama mlangoni bila kubisha.

"Mwanangu, hiyo dawa ya mdogo wangu imefika wapi?"

Binti wa maabara, aliyekuwa ameinamia safu ya visahani vya plastiki, alivua glavu.

"Bado, mama. Njoo uone." Akamwonyesha kisahani chenye utando mweupe uliotanda sawasawa. "Hawa ndio bakteria wa kidonda chake. Nawatafutia adui. Kuna virusi vidogo mno, vinaitwa bakteriofaji. Mtu havimdhuru, kazi yake ni kuingia ndani ya bakteria na kumpasua. Lakini kila faji ana windo lake. Lazima nimpate anayewinda hawa hawa."

"Wanauzwa wapi?"

Binti alicheka kidogo. "Hawauzwi. Wanaishi palipo na windo lao. Kwenye maji machafu."

Bi Klorini alimtazama kama mtu aliyetukanwa msibani. "Unataka kumtia mdogo wangu maji ya choo?"

"Yanachujwa, mama, yanasafishwa mpaka anabaki faji mwenyewe. Shida ni kwamba simpati. Nimekwenda mtoni, nimekwenda machinjioni. Tegemeo langu lilikuwa shimo linalopokea maji ya wodi yenyewe, kwa sababu bakteria wa mgonjwa wanapita pale, na wawindaji wao wangekuwa pale. Nachota kila siku. Hakuna kitu. Maji yamekufa kabisa."

"Shimo lipi?"

"Lile la nyuma ya chumba chako cha kufulia."

"Unachota saa ngapi?"

"Saa tatu."

Bi Klorini aliketi juu ya sanduku la chupa, bila kukaribishwa.  Binti alidhani ni shinikizo la damu, akamletea maji. Akayashika bila kuyanywa.

"Ndoo yangu," alisema hatimaye. "Kila siku. Kabla yako. Ndoo nzima."

Sasa ilikuwa zamu ya binti kuduwaa. "Harufu ya klorini niliisikia," alinong'ona. "Nikadhani ni ya kufulia tu."

Kesho yake saa mbili kasorobo Bi Klorini alisimama mlango wa nyuma na ndoo mkononi, tupu, akizuia mkono wake kama mtu anayemzuia mbwa. Maji yalichotwa. Siku ya pili yake aliitwa maabara. Utando mweupe ulikuwa umetoboka matundu maangavu, kama shuka lililoliwa na nondo. Akapiga ukelele.

"Umeharibika!"

"Hapana, mama. Kila tundu ni mahali bakteria wamekufa. Tumempata!"

Maisha yake yote tundu lilikuwa hasara. Alilitazama lile moja kubwa mpaka machozi yakamtoka, na hakujua kama ni ya furaha au ya hofu.

Daktari aliongeza siku, kamati ya maadili ikatoa ruhusa, seremala akatia sahihi. Lakini kabla dawa haijaingia mshipani, dada alimweleza kuhusu ndoo. Mdogo wake aligeukia ukutani. Dada hakuthubutu kumgusa.

"Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako," akasema ukutani. "Hawakusema kuna dada anakifulia."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Kaa, dada. Usiniache na hawa wadudu peke yangu."

Homa ilishuka siku ya nne. Vidole viwili vya mguu havikuokoka, mguu uliokoka. Daktari hakukubali kuapa kwamba ni faji pekee, maana antibiotiki moja iliyokuwa imeshindwa ilianza tena kufanya kazi sambamba naye.

Miezi mitatu baadaye seremala alifika nyuma ya chumba cha kufulia akichechemea, na mfuniko wa mbao ngumu begani. Aliupima, akauranda ukingo, akaulaza juu ya shimo. Ukakaa kama uliozaliwa hapo.

"Utahimili uzito?" dada aliuliza.

 Seremala alipanda juu ya mfuniko na kukanyaga kwa kishindo, mara tatu, kwa mguu ule ule. Bi Klorini aliziba macho kwa viganja vyenye harufu ya sabuni, akahesabu vishindo, na hakuyafumbua mpaka alipomsikia akicheka.