Breki Mpya za Gari la Baba

Gari ninaloendea kazini kila siku ni la baba yangu. Alilinunua likiwa tayari limezeeka, mimi bado nabebwa mgongoni. Alipostaafu udereva wa serikali alinikabidhi funguo kwa sharti moja, nisilibadilishe. Nilikubali haraka. Nilidhani anazungumzia rangi.

Breki zake zilikuwa za kupampu. Baba alinifundisha: kanyaga, achia, kanyaga, achia, mara ya tatu ndipo gari linasikia. Niliendesha hivyo miaka kadhaa kati ya Miyuji na mjini, hata nikaanza kujiona hodari.

Siku moja nilikuwa natoka Haneti na mama, tulikokwenda kuangalia shamba letu la alizeti. Kwenye mteremko ng'ombe wakatokea vichakani. Nikapampu. Gari likainamia mbele, likavuta kushoto, likasimama ndama akiwa amegusana na taa. Mama alishuka akatembea pembeni ya barabara, mimi nikimfuata polepole na gari, mpaka alipochoka.

"Lipeleke kwa fundi," alisema alipopanda, "au mimi nitakuwa napanda basi."

Fundi ni Mrangi wa Kondoa, mtu mzima asiye na maneno mengi. Alikandamiza boneti kwa mikono miwili, akaachia. Gari likanesa, likanesa tena, halikutaka kutulia.

"Breki peke yake haitoshi," aliniambia. "Gari linalonesa hivi ukilifungia breki kali litachimba pua chini. Tuanze na springi na shokapu, kisha nifunge breki za diski mbele."

Sikumwambia baba. Mama ndiye aliyemwambia, na siku ya pili nikamkuta gereji, amekaa juu ya tairi, ameshika springi kuukuu iliyokwisha kufunguliwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hii niliifunga kwa mikono yangu, njia ya Mpwapwa. Mama yako alikaa juu ya jiwe akikunyonyesha."

"Umekasirika?"

"Nilikukataza," alisema. Akaiweka springi chini. "Lakini nimesimuliwa habari za yule ndama."

Kazi ilipokwisha aliomba aendeshe yeye kwanza. Nilikaa pembeni yake, mama nyuma. Tulipofika kwenye tuta la kwanza alikanyaga breki kwa nguvu zake zote za zamani. Gari liligota papo hapo, kikapu cha mama kikamwagika, na kifua cha baba kikagonga usukani. Waliokuwa nyuma yetu wakapiga honi. Hakuondoa gari. Aliweka mikono mapajani, akaitazama.

"Endesha wewe," alisema.

Huyu ni mtu aliyewabeba wakubwa kila pembe ya mkoa, na hakuna aliyewahi kumlalamikia. Usiku ule nilijiuliza kama usalama wetu nimeununua kwa heshima yake. Kwa wiki nyingi hakukigusa kiti cha dereva, nami sikujua nianzeje kumwambia ajaribu tena.

Hatimaye, Jumapili moja, nilimpeleka kwenye uwanja mtupu nje ya mji, nikazunguka na kumfungulia mlango wa dereva.

"Kanyaga mara moja tu," nilimwambia. "Kidogo, kama vile chini kuna yai."

"Leo wewe ndiye mwalimu," alisema. Hakucheka, lakini alikaa.

Alitutikisa vibaya Jumapili ile, na iliyofuata. Ya nne gari lilisimama taratibu, nikajua limesimama pale tu alipovuta breki ya mkono.

Siku hizi huendesha akipenda, ingawa mara nyingi huniachia mimi. Wakati wa mavuno tulikwenda Haneti wote watatu. Barabara ilikuwa mbovu, nami nilikuwa nakwepa mashimo, mama aliponigusa bega kutoka nyuma.

"Punguza redio," alinong'ona. "Baba yako amelala. Tangu anioe sijawahi kumwona akilala ndani ya gari linaloendeshwa na mtu mwingine."