Nyanya nilizozipika na mafuta ya mama mukwe

Leo nimepika nyanya, na sasa ninaogopa hata kutazama ziwa.

Musicheke kwanza.

Nilipata nyanya nzuri za Lubarika. Nikazikata katikati, nikatia chumvi na kitunguu saumu, nikaziweka kwenye mbabula ya makaa zichomeke pole pole. Mafuta ya jikoni yalikuwa yameisha. Mama mukwe alikuwa ameenda kuomba kanisani. Juu ya kabati nikaona kachupa kake ka mafuta ya zeituni, yale mazuri.

Nikamwaga yote.

Bwana yangu alikula sahani nzima peke yake, akapangusa na mkate.

Kisha mama mukwe akarudi.

“Niletee kachupa kangu, nimupake mutoto wangu mbele ya kupanda boti ya Kalemie. Yale mafuta tuliyafungia na kuyaombea siku tatu.”

Nilitoka na mlango wa nyuma, kachupa mkononi. Jirani akanijazia humo mafuta yake ya kukaangia mandazi.

Mama akamupaka bwana yangu kwenye paji la uso, akaomba mpaka machozi. Minye mwenyewe nikaitika amina kuliko wote.

Sasa boti iko katikati ya ziwa. Upepo umeanza. Simu ya bwana yangu haipatikani.

Mama amekaa mlangoni, ametulia kabisa. “Weye unaogopa nini? Si tumemupaka?”

Kinachonituliza ni kimoja tu: mafuta yenyewe iko ndani ya tumbo ya mutoto wake.

Ninyi wenye kujua maombi, niambieni. Ya tumboni inalinda?