Renae Alipewa Tatu

Nimefanya kazi na Renae Tollefson miaka kumi na tisa katika kiwanda cha kufua mashuka ya hospitali hapa mjini Duluth, na hadi leo natamani ningeichana ile fomu ya kupima ushirikiano wetu.

Kukunja shuka kubwa ni kazi ya watu wawili. Mmoja akivuta kwa pupa, mwenzake anabaki na pembe zilizopinda. Renae akisimama na mgeni, anapunguza mwendo. Akisimama na mimi siku ambayo baridi yabisi imenikakamaza vidole, anachukua upande mzito bila kuombwa. Meza yetu ya kukunjia haikuwa na msimamizi. Alikuwepo yeye tu, na kazi ilikwenda.

Kisha wenye kiwanda wakatuletea Kendra kutoka Minneapolis, viatu vyeupe, meno meupe, eti aje kupima moyo wa ushirikiano wa kila mmoja wetu na kuukuza. Wa kwanza kwa alama angekuwa msimamizi wa meza. Wa mwisho angeshushwa chini, chumba cha uchafu, kuchambua mashuka kabla hayajafuliwa. Sitaki kueleza yanayokuja yamefungwa ndani ya mashuka ya hospitali. Niliwahi kukaa kule wiki mbili nikashindwa kula nyama mwezi mzima. Renae ana miaka sitini na moja na mgongo uliopasuliwa mara mbili, na kule chini mtu anainama kutwa.

Kipimo cha kwanza kilikuwa mchezo. Watu wazima na mvi zetu tukagawiwa tambi mbichi na vipipi laini vyeupe tujenge mnara. Trent, mwenzetu aliyehamia kutoka Arizona majira ya kuchipua ya mwaka ule, akashika usukani.

"Nisikilizeni mimi. Wewe bibie, shika hapo chini, usifanye kingine."

"Haya," Renae akasema.

Akashika dakika kumi na nane bila kutikisika. Trent akamwambia aachie, akaachia, mnara wote ukaporomoka. Nikachungulia karatasi ya Kendra. Trent: anaonyesha uongozi. Renae: hakuchangia mawazo. Nusura niteme mate pale pale sakafuni.

Kipimo cha pili kilikuwa fomu. Kila mtu ajipe alama, kisha awape wenzake, moja hadi tano. Sasa, hapa kwetu ukila chakula kitamu kuliko vyote maishani mwako, unasema si kibaya. Ukimsifu mtu waziwazi unamtia haya, na ukijisifu mwenyewe utasemwa hadi Pasaka. Basi meza nzima tukapeana tatu. Tatu ni heshima. Sisi wenyewe wengi tukajiandikia mbili.

"Umejipa moja?" nikamuuliza Renae wakati wa kahawa. "Kwani umeua mtu?"

"Nijipe ngapi, Deb? Wapo wanaofanya zaidi."

"Nani?"

"Hawakosi." Akanisogezea kipande cha mwisho cha keki. Nikakikata nusu nikamrudishia, naye akaikata ile nusu, na kilichobaki kikakauka kwenye sahani kama kawaida, maana hapa kwetu hakuna anayethubutu kumaliza kipande cha mwisho.

Trent alijipa tano kila mahali.

Ijumaa tukapangwa mstari. Msimamizi, Trent. Wa mwisho, Renae.

"Usione ni adhabu, mpenzi wangu," Kendra akamwambia, amemshika bega. "Ni safari yako ya kujijenga."

"Sawa. Asante kwa kunieleza."

Asante! Nilichukizwa na mkono ule begani, na Trent aliyekuwa akijipigia makofi, lakini aliyenichukiza kuliko wote ni mimi. Maneno nilikuwa nayo mdomoni tayari: Kendra, tatu kwetu ni sifa, na huyu mama ndiye anayeibeba meza hii. Yangechukua pumzi moja. Nikayameza, kwa sababu hapa mtu hazui zogo mbele za watu. Wanawake tisa tukatazama viatu vyetu. Renae akatundika aproni yake safi, akauliza glavu za mpira ziko wapi.

Baadaye kila mtu akapewa bahasha ya alama zake, bila majina ya waliozitoa. Yangu ilikuwa tatu, tatu, tatu, mpaka chini. Halafu nne. Nikadhani nimekosea kusoma, maana sijawahi kusikia hapa kwetu mtu akimpa mwenzake nne. Pembeni yake kulikuwa na maneno ya penseli, herufi zimelalia kushoto, mwandiko ambao nimeuona kwenye kalenda ya zamu miaka yote hii: "Mgongo ukiniuma huwa anavuta polepole. Anadhani sijui."

Mimi nilimpa tatu.