Vidonge Vyeupe Kwenye Mizinga ya Kagerankanda

"Sasa binti, mimi nimsikilize nani?"

Niliulizwa swali hilo siku yangu ya kwanza kazini, wilayani Kibondo, na mfugaji nyuki mmoja, Mzee Ruhoza. Nilikuwa nimetoka kumweleza kwamba mizinga yake ya magome inaua miti, maana ukishabandua gome la mti mzima, mti ule hauponi. Nikamweleza pia kwamba kufukiza nyuki kwa mpira wa kandambili kunaacha sumu kwenye masega. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba marehemu baba yake alimwelekeza hivi, redio inasema vile, simu ya mkwewe inasema vingine kabisa, na leo nimekuja mimi na langu. Sasa yeye amsikilize nani?

Nilimjibu kwamba asikilize utaalamu. Akacheka mpaka akakohoa.

Bosi wangu wa kwanza, Afisa Nyuki wa Wilaya, alikuwa kando akifunga bomba la moshi kwenye pikipiki. Bomba hilo ni kopo lenye kiriba. Unaweka majani makavu ndani, unayawasha, unapuliza moshi wa taratibu ili nyuki watulie. Alikuwa mtu wa maneno machache. Tulipofika barabarani aliniambia bila kugeuka, "Hujamjibu yule mzee."

"Nimemjibu, bosi."

"Umemtajia cheo chako. Yeye kakuuliza jambo."

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na tabia ya kuhoji kila kitu. Nilihoji kwa nini mizinga ya kisasa tuliyowagawia wanavijiji inakaa mitupu huku ile ya magome imejaa nyuki. Nilihoji kwa nini ripoti zetu zinahesabu mizinga iliyogawiwa badala ya mizinga yenye nyuki. Bosi alizoea. "Wewe," aliniambia siku moja mbele ya ofisi nzima, "siku ya kuzaliwa ulimdai mkunga cheti." Lakini ni yeye aliyenifundisha kuurina mzinga jua likiwa linashuka, kusimama nyuma ya mlango wa nyuki na si mbele yake, na kuwaachia nyuki masega ya kulea watoto wao. "Hoji utakavyo," alisema, "ila mzingani ingia kimya."

Baada ya miaka mitatu nilihamishiwa Kasulu. Huko nilikuta Mkuu wa Idara aliyependa mambo ya teknolojia, akanipa kazi ya kuwaunganisha wafugaji wote wa nyuki katika kundi moja la simu. Niliifurahia. Niliona nimepata jibu la Mzee Ruhoza: sasa watanisikiliza mimi, wote, kwa wakati mmoja.

Lakini simu haina mlango mmoja. Kila wiki kiliingia kitu. Ilikuja video ya mzungu aliyefungua mzinga saa sita mchana, kifua wazi, nyuki wakitembea mkononi mwake kama kuku wa nyumbani. Nyuki wa kule ni wapole. Wa kwetu wakifanyiwa vile huweza kuua mbuzi aliyefungwa kambani. Kijana mmoja wa Mtabila aliijaribu akalazwa siku mbili. Kisha ikaja kwenye simu yangu, kutoka kundi jingine, klipu ya sauti ya mtu aliyejiita Daktari wa Nyuki. Alikuwa na Kiswahili kizuri cha redioni, kinachoteleza. Alisema nondo wa nta, yule mdudu anayetaga kwenye masega na kuyasokota kama utando wa buibui, ana dawa rahisi: weka vidonge vyeupe vya naftalini, vile vya kwenye masanduku ya nguo, vitatu kila mzinga.

Nilikasirika. Nta hunyonya harufu kama kitambaa. Tena nondo hashindi mzinga wenye nguvu. Nyuki wakiwa wengi humtoa wenyewe. Ukimwona nondo, ujue kundi lako limedhoofika, na kazi yako ni kutafuta sababu. Basi nikaituma klipu ile kwenye kundi letu ili kila mtu ajue ninazungumzia ipi, na chini yake nikaandika maelezo marefu, hoja kwa hoja, nikiibomoa. Nilijivunia maandishi yale. Mkuu wa Idara aliniwekea dole gumba.

Msimu wa kurina ulipofika, niliitwa kijijini Kagerankanda.

Kikundi cha kule kilikuwa na desturi ya kumimina asali ya wanachama wote kwenye pipa moja, asali ya huyu juu ya asali ya yule, ndipo mnunuzi aje. Waliiona ndiyo umoja wenyewe. Siku hiyo mnunuzi alifungua kifuniko, akainamia, akakirudisha.

"Hii inanukia kabati la bibi harusi," alisema. Akaondoka na pipa tupu alilokuja nalo.

Nilikuta wanachama wamekaa kwenye madawati ya kanisa. Waliofungua mizinga kumtafuta mkosaji walikuwa wameshampata: Mama Anitha. Yeye alikulia kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtabila, kwa wazazi Warundi, akapata uraia, akaolewa hapo Kagerankanda, akafiwa na mume. Mizinga yake minane ilikaa kwenye eneo la kikundi kando ya msitu, naye hakuwa na ardhi nyingine ya kuiweka. Vidonge vilikuwa bado vimo. Mizinga mitano ilikuwa imekimbiwa.

"Atoke," alisema Mwenyekiti. "Kanuni inasema anayeharibu asali ya wenzake anatoka, na mizinga yake."

"Aipeleke wapi, Mwenyekiti? Kichwani?" aliuliza mama mmoja.

"Hilo halimo kwenye kanuni."

Sauti ya mwanamume ikatoka nyuma: "Uraia tumempa, na nyuki tumempa, na yeye ametupa naftalini!" Wengine wakacheka kwa kuguna. Mama Anitha alikuwa akilitazama pindo la kitenge chake.

Nikasimama. Nilisema hakuna aliyezaliwa akijua nondo, iwe kambini au kijijini, na kwamba huyu amedanganywa kama walivyodanganywa wengi. Kisha nikamgeukia kwa upole niliouona mkubwa.

"Mama Anitha, waambie wenzako. Nani alikuambia uweke vile vidonge?"

Alinyanyua macho akanitazama. Aliniangalia muda mrefu kiasi kwamba Mwenyekiti alikohoa.

"Nilisikia kwenye simu, afisa," alisema. "Simu zinasema mengi."

"Mmesikia?" nikawaambia wote. "Hili ndilo ninalolipigia kelele!" Nikahutubia karibu nusu saa kuhusu watu wa mitandaoni wasiojulikana, wanaoharibu kazi za wanyonge. Walinipigia makofi. Kisha wakapiga kura: akae nje msimu mmoja na aiondoe mizinga. Jioni ile aliibeba kwa baiskeli, mmoja mmoja, akiikokota kwenda kuiweka nyuma ya jiko la jirani. Waliumwa watu, na nyuki wa ile mizinga mitatu iliyobaki nao wakatawanyika. Mimi nikarudi mjini nikaandika ripoti juu ya elimu potofu mitandaoni. Mkuu wa Idara aliisoma mbele ya mkutano wa wilaya.

Mwaka huu nimeacha kazi. Wenzangu wananitania kwamba nimestaafu kabla ya mvi. Ninyi mnaoingia kazini sasa, wengi mmenizidi kwa simu na kwa shahada, na sina hakika nina la kuwafundisha. Ninaweza kuwaambia ninavyofanya siku hizi nikikuta uongo: siurudii. Nasema lililo kweli, kwa sauti, kwa Kiha, lugha ya wenyeji, kama nakiweza, na kama hapana natafuta anayekiweza. Halafu naenda. Ukweli kuhusu inzuki, ndio nyuki kwa Kiha, unasikika vizuri zaidi mkono ukiwa ndani ya mzinga. Kuhoji bado nahoji. Ila zamani nilihoji wazee, vitabu na klipu, na sikuwahi kuihoji njia yangu mwenyewe ya kusema.

Kabla ya kuondoka nilikwenda kumuaga Mama Anitha. Alikuwa na mizinga minne kwenye kipande cha ardhi alichokodi, imejaa. Tulikula mihogo na maharage, tukazungumza habari za binti yake Anitha aliyeolewa Kibondo. Nikamwambia bado ninamchukia yule Daktari wa Nyuki.

Alikwenda ndani akaleta simu, akaitafuta klipu ile, akaniwekea mbele. Juu yake palikuwa na picha ya aliyeituma: mimi, nimevaa kofia ya nyuki, ninacheka.

"Nilijua wewe ni mtaalamu," alisema. "Uliposema vitatu, nikaweka vitatu."

"Lakini siku ile kanisani ungewaambia!"

"Ungefukuzwa. Nani mwingine alisimama kunitetea?"

Nilishusha kidole kwenye kioo. Chini ya klipu yalikuwepo maandishi yangu marefu, yamekatwa kwenye 'Soma zaidi', hayajafunguliwa. Nilimuuliza kwa nini hakuyafungua hata siku moja. Mama Anitha hakujua kusoma.