Nyasi ya Nyuma ya Karo

Mume wangu ana wake wawili: mimi na nyasi. Na mwenzangu ndiye anayedekezwa.

Ni mfanyakazi wa idara ya mimea. Anakusanya majani, anayabana katikati ya magazeti yakauke, kisha anaweka nukta kwenye ramani pale kila jani lilipopatikana. Nyasi yake hiyo ina masuke mekundu na mbegu za kung'ang'ania nguo, na kwa kuringa haina mfano: mchanga haitaki, kivuli haitaki, inataka udongo mweusi unaotuamisha maji. Nukta zake zote ziko ng'ambo ya mto. Upande wetu hakuna hata moja. Yeye tangu tuoane anashikilia kwamba hata huku ipo, na kazini wanamcheka.

Basi kila Jumamosi huvuka daraja kwenda kuiangalia, akarudi na tope hadi magotini. Soksi zake zimenitoa roho. Nazichokoa mbegu kwa sindano, nazifua, maji namwaga nyuma ya karo.

Majuzi nikasikia ukelele uani. Nikadhani nyoka.

"Mama watoto! Njoo! Ipo! Ipo huku!"

Nikamkuta amepiga magoti topeni, analia, mtu mzima na mvi zake. Mbele yake, nyuma ya karo, masuke mekundu yamesimama.

"Nimempigia mkuu wa idara, anakuja kesho," alisema. "Wataweka nukta. Huku kwetu!"

Hasira zilinipanda, maana kazi ya kumwambia ukweli aliniachia mimi.

"Baba watoto, maji ya soksi zako huwa namwaga wapi?"

Akatazama karo. Akatazama soksi zilizoanikwa kambani. Akajifuta uso kwa mkono wenye tope, akazidi kujipaka.

Alimpigia tena mkuu, akamwambia asijisumbue. Kisha akaanza kung'oa.

"Si uache hata shina moja," nikasema, mimi niliyekuwa nikimlilia apafyeke pale tangu mvua zianze.

"Hata moja litadanganya watu," akajibu bila kuinua kichwa.

Kutafuta hajaacha. Ila soksi sasa anazifua mwenyewe, ng'ambo kule kule, kabla hajavuka daraja. Halafu anazivaa hivyo hivyo mbichi, anaingia nazo hadi sebuleni, na wa kupiga deki ni mimi.