Mkono Chini ya Kitambaa

Jumapili iliyopita, kanisani Lindi, niliona kikapu cha malimbuko kimefunikwa kitambaa cheupe, na mwili ukanisisimka. Nilikumbuka ule mchana kule Rondo, Bibi aliponichukua twende kutoa mbaazi zetu za kwanza.

"Hizi ni za Mungu," alisema, akakiweka kikapu mbele ya altare na kukifunika.

Nilikuwa mtoto wa kutaka kuona kwa macho. Bibi alipotoka kuongea na katekista, nilijificha nyuma ya benchi nimwone Mungu akija kula. Kanisa lilinuka popo na mbaazi mbichi. Nje jua lilikuwa kali, hata kuku walikuwa kimya. Kisha mlango wa nyuma ukalia taratibu, nikasikia kitu kikijikokota sakafuni. Pembeni mwa altare ukatokea mkono mkavu kama kuni, ukaingia chini ya kitambaa. Mbaazi zikachakarika. Ule mkono ulikuwa na vidole vitatu.

Leo najua kwamba mlango ule uliachwa wazi makusudi, ili aliyeishiwa achukue chakula bila kuonwa na mtu. Siku ile nilichojua ni kwamba nimemwona Mungu, na kwamba ana njaa.

Nilimkimbilia Bibi. "Nimeuona mkono wake."

Hakunigombeza. Alimtazama katekista, kisha akaniinamia. "Mkono wenyewe umekonda?"

"Umekonda sana, Bibi."

Alinishika mkono.

"Basi kesho tutamletea na unga."